Maswali Mnayotuuliza Mara kwa Mara Kuhusu Duka Letu la Zawadi za Wanyama

Nimeandika majibu haya mimi, binti wa pili wa mwenye duka hili la wanyama wa kushonwa na wa kuchongwa, Mji wa Kale, Mombasa, kwa sababu maswali yamekuwa mengi na Mama hawezi kusimama mlangoni kuyajibu yote huku cherehani inamngoja. Baadhi yenu mnauliza kwa kuwa mnataka kununua. Wengi siku hizi mnauliza kwa kuwa mnataka kuanza kama tulivyoanza sisi. Nimewajibu nyote pamoja.

Duka lilianzaje?

Lilianza kwa kiboko. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alitengana na wenzake karibu na Malindi, akakwama kwenye mwamba baharini. Watu walimwokoa kwa nyavu, wakampa jina la Owen, wakamleta Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyoko Bamburi. Huko akamkuta kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 130, jina lake Mzee. Kiboko akamwandama kobe kama mtoto anavyomwandama mamake: akila naye, akilala naye, akiogelea naye.

Sisi wakati huo tulikuwa tukikaa Bamburi, na Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Mdogo wetu wa mwisho alikataa kulala mpaka ashonewe "kiboko na babu yake". Mama akachukua vipande vya leso, ile nguo ya kujifunga, akashona kiboko na kobe, akaweka kifungo kwenye gamba la kobe na kitanzi kwenye kidevu cha kiboko ili waweze kushikana. Jirani yetu aliyekuwa akifanya kazi hotelini akawaona, akaomba jozi mbili za wageni wake. Wiki iliyofuata aliomba kumi. Sare za shule ziliendelea kushonwa mchana, na viboko usiku.

Mtaji wa kwanza ulikuwa kiasi gani?

Kidogo sana. Cherehani ilikuwepo. Vipande vya leso Mama alivipata kwa mafundi wa Biashara Street, ambao walikuwa wakivitupa. Alikuwa akipita jioni kuviomba, na asubuhi yake akiwapelekea mahamri kuwashukuru. Kilichonunuliwa kwa fedha ni uzi, sindano na gunia la sufi. Meza ya kwanza tuliazimwa. Mkopo wa kwanza tulichukua miaka minne baadaye, katika chama cha akina mama wa mtaani, tulipohamia chumba kimoja hapa Mji wa Kale.

Ukiniuliza mimi, usikope kabla hujauza vitu mia moja kwa mkono wako mwenyewe. Simama pale mezani usikie mtu anasema nini anapokishika kitu kisha akakirudisha. Maneno hayo ndiyo yaliyotufundisha kushona.

Ni kitu gani hasa kilichoikuza biashara?

Wenyeji. Nasema hivi bila kusita, ingawa ilituchukua miaka kumi na tano kuliona.

Zamani tulikuwa tukiishi kwa kaskazi. Upepo wa kaskazi ukivuma, bahari ikatulia, meli za watalii zikatia nanga Kilindini, basi tulikula. Masika yakianza hoteli zilifunga na sisi tulirudi kwenye chama kukopa. Rafu zote zilikuwa simba, twiga, ndovu, kifaru, kwa sababu hao ndio mgeni aliowafuata Kenya.

Mwaka 2020 ukaja na korona. Mwezi wa Machi ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Mwezi wa Mei serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale. Tulikuwa ndani na simba na twiga wetu karibu mia tatu, hakuna wa kuwanunua. Asubuhi moja bibi jirani yetu akabisha dirishani, barakoa usoni, akamwambia Mama: "Mwanangu, una paka?" Hatukuwa na paka. Mjukuu wake alikuwa Tudor na wazazi wake, amezuiwa kuja, na alichokuwa akikililia si bibi bali paka wa bibi. Paka huyo tulimjua sote, wa rangi ya chungwa, sikio la kushoto limechanika, hulala juu ya baraza ya msikiti. Mama akamshona kwa leso ya rangi ya chungwa, na sikio la kushoto akalikata kwa mkasi kisha akalitia mshono wa kuzunguka ili lisichanike zaidi. Zuio lilipoondolewa paka akapelekwa Tudor. Kabla ya mwezi kwisha tulikuwa na oda za paka ishirini na mbili, kila mmoja na kasoro yake: mwenye mkia uliopinda, mwenye jicho moja, mama paka na watoto watano.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote tulikuwa tumekaa katikati ya mji wenye wateja, tukiangalia baharini. Mtu wa Mombasa hununua zawadi mwaka mzima: arobaini ya mtoto, harusi, mwalimu anayehamishwa, mgonjwa aliyetoka hospitali, shangazi anayerudi Muscat. Ila hataki simba. Anataka mnyama anayemjua. Leo katika kila vitu kumi tunavyouza, saba hubaki Kenya, na masika si msimu wa njaa tena.

Basi ni wanyama gani wanaouzwa sana?

Paka kwanza. Tena punda mwenye shehena, hasa kwa watu wa asili ya Lamu. Kasa na pomboo hununuliwa na watoto wa shule wakija mjini kwa ziara. Mbega mweusi wa Diani, kwa mkia wake mrefu wenye ncha nyeupe. Pweza, ambaye mikono minane yake inachukua muda kushona kuliko ndovu mzima.

Anayewashangaza watu ni jongoo. Naye ana kisa chake, na kisa hicho ndicho kinachomuuza. Haller Park ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa lisiloota kitu. Mwaka 1971 Dakta René Haller alianza kupanda miti pale, na mmojawapo ulioshika ni mvinje. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Wakaletwa majongoo. Majongoo wakala majani yale, wakatoa mbolea, udongo ukaanza kuumbika, na leo pale ni msitu. Mtoto akisikia hayo hamtupi jongoo wala mti wake. Jongoo wetu ana pingili kumi na nane za leso za rangi mbalimbali, anajikunja duara, na ndiye anayetumaliza vipande vidogo visivyofaa kitu kingine.

Wa mti, fahari yetu ni palahala, swala mkubwa. Hapa Kenya huyu yupo Shimba Hills tu, Kwale, wala hapatikani pori jingine lolote nchini, na watu wengi wa Mombasa waliozaliwa kilomita chache kutoka kwake hawajawahi kumsikia. Pembe zake zilizopinda nyuma ndizo taabu: ukizichonga kwa kukata nyuzi za mti zinavunjika mkononi. Fundi wetu hutafuta tawi lililojipinda lenyewe, akachonga mnyama kwa kufuata mpindo wa tawi. Ndiyo maana hakuna palahala wawili waliofanana, na ndiyo maana huwezi kuagiza hamsini kwa wiki.

Mnauza vitu vya pembe, ngozi, gamba la kasa au makombe?

Hapana, na hatutauza. Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mkataba wa CITES mwaka 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 za pembe. Tarehe 30 Aprili 2016 zilichomwa tani 105 Nairobi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali kwa anayekutwa na nyara bila kibali, hata kama ni kibangili tu. Gamba la ng'amba nalo ni hivyohivyo.

Makombe makubwa ya baharini watu hudhani yameokotwa ufukweni yakiwa matupu. Yale mazuri yanayong'aa mara nyingi hutolewa baharini konokono wake akiwa hai, kisha akachemshwa. Hatuwezi kushona kasa wa leso kwa mkono mmoja na kuuza mali hiyo kwa mkono wa pili.

Anayetaka pembe za Mombasa, tunazo ndogo za bati, mfano wa zile kubwa zinazovuka barabara ya Moi Avenue. Zile zenyewe hazikutoka kwa ndovu yeyote. Ni za bati la alumini.

Vinyago vyenu ni vya mti gani? Ni mpingo?

Vingi ni vya mwarobaini, vichache vya mwembe. Mpingo na muhugu vilichongwa kwa miaka mingi mpaka vikaadimika misituni, ilhali mwarobaini unaota uani kwa watu pwani nzima na unakua haraka. Wachongaji wetu ni Wakamba wa Changamwe, wenye ufundi uliorithiwa: Mutisya Munge wa Wamunyu ndiye anayetajwa kuuleta Ukambani, baada ya kujifunza kwa Wazaramo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kuhusu mpingo tuliumia. Mwaka 2011 muuzaji mmoja alituletea ndovu arobaini weusi, wazito mkononi, akatuuzia kwa bei ya mpingo. Mgeni mmoja akanunua, akampangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikawa cheusi na ndovu akawa wa kahawia. Ilikuwa rangi ya viatu. Tulimrudishia fedha zake, na wale thelathini na tisa waliobaki Mama akakataa wasiuzwe hata kwa bei ya kutupa. Tangu hapo tuna ndoo ya maji nyuma ya duka. Mpingo wa kweli ukiutia majini unazama. Ukielea, si mpingo, hata aapishwe nani.

Nilinunua kinyago kwingine, nilipofika Ulaya kikapasuka. Vyenu je?

Vya kwetu navyo vilipasuka. Mwaka 2014 tulituma twiga sitini Ujerumani, oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mwezi wa Januari zikaja picha: twiga shingo zimefunguka kama ganda la kunde. Tulilipa hasara ile kwa miaka miwili.

Sababu ni hii. Hewa ya Mombasa ina unyevu, na mti unakaa nao ndani yake. Ukimpeleka twiga kwenye nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, hewa ile kavu inamnyonya maji kwa haraka. Ngozi ya juu inanywea kabla ya moyo wa mti, na panapovutana pakachanika. Kwa hiyo siku hizi mnyama akishatoka kwenye tezo, kabla ya msasa, anakaa kivulini mahali penye upepo, kamwe si juani. Kila Jumatatu kaka yangu anampima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwa penseli chini ya kwato. Uzito ukiacha kushuka wiki tatu mfululizo, amekauka. Mdogo huchukua wiki sita, mkubwa miezi minne. Wale wanene tunawachimba tumbo kutoka chini ili unene upungue. Ukimgeuza mnyama wetu ukaona tarakimu za penseli zilizofutika nusu, ni hizo.

Je, leso inakatwa tu popote?

La. Leso mpya kwanza huloweshwa na kufuliwa, kwa sababu ina wanga, inachuja rangi na inarudi. Ukiishona mbichi, mnyama akifuliwa mara moja anakunjamana.

Kisha kuna jina. Wenye leso wanajua kwamba maneno yale yaliyoandikwa si mapambo, ni usemi kamili wa mtu kwa mtu. Siku za mwanzo tulikata popote, na mzee mmoja wa mtaa wa Kibokoni akamrudishia Mama ndovu wake kwa ghadhabu, kwani jina lilikuwa limekatwa nusu na nusu iliyobaki mgongoni ilisomeka kama tusi. Alikuwa na haki. Siku hizi jina hubaki zima, likakaa tumboni au ubavuni, au halitumiki kabisa. Mteja anaweza kuchagua jina la leso kwanza, kisha mnyama. "Wema hauozi" ndilo linaloombwa sana kwa zawadi za walimu.

Nguo hii kwingine huitwa kanga, na kanga ni ndege. Inasemekana jina lilitokana na madoadoa ya nguo za mwanzo yaliyofanana na manyoya yake. Tunaye kanga wa leso yenye madoa. Mimi nampenda kuliko wote dukani.

Vinafaa kwa mtoto mchanga?

Mwambie anayekuhudumia umri wa mtoto. Wa chini ya miaka mitatu tunamtarizia macho kwa uzi, hakuna kifungo wala shanga, kwa sababu kifungo huishia mdomoni. Ndani hatutii sufi bali pamba ya mito inayofulika. Sufi ikilowa inashikana mabonge na kuvunda. Kwa wakubwa sufi ni nzuri, nyepesi, ila mnyama huyo apanguswe tu, asiloweshwe.

Mafundi mnawalipaje?

Nusu kabla hawajaanza, nusu siku wanapoleta. Hatuchukui mali kauli. Najua ndiyo desturi ya maduka mengi ya vinyago: fundi anaacha mali, akirudi baada ya miezi mitatu anaambiwa haijauzwa, na kumbe nyingine imevunjika rafuni. Mwenye duka hapati hasara yoyote, fundi anaibeba yote. Mtu anayelipwa hivyo hawezi kungoja miezi minne mti ukauke. Anachonga usiku, anapaka rangi asubuhi, anauza mchana apate unga. Ukitaka kazi nzuri lazima umnunulie fundi huo muda wa kungoja, na sisi tunaununua hata masika.

Mbona hamna tawi?

Tulikuwa nalo, Nyali, ndani ya jengo la maduka, miezi minane. Kodi ililipwa mbele, taa zilikuwa nzuri, na watu walipita wakisifu. Lakini pale hapakuwa na Mama. Mteja hakuweza kusema "mfanyie mkia mrefu kidogo" na kuona mkia ukishonwa akinywa kahawa. Tulifunga, tukatumia fedha zilizobaki kununua cherehani mbili na kuajiri wasichana wawili wa mtaani. Sasa tuko kumi na mmoja, sita wa familia, vyumba ni vitatu, na vyote viko uchochoro mmoja.

Mnafanyaje kazi familia nzima bila kugombana?

Tunagombana. Kilichotusaidia ni daftari mbili, ya duka na ya nyumba, na kila mtu ana mshahara wake, pamoja na Mama. Zamani pesa zote ziliingia kopo moja, na aliyehitaji nauli alichota. Hatukujua kama tunapata au tunakula mtaji.

Vibali?

Jina la biashara limesajiliwa, leseni ya kaunti hulipwa kila mwaka, risiti unapewa ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi.

Mnapunguza bei?

Kwa anayenunua vingi, ndiyo. Kwa kimoja, bei iliyoandikwa ndiyo hiyo, kwa mgeni na kwa mwenyeji sawasawa.

Mnatuma mbali?

Kisiwani na Nyali kwa boda boda siku hiyohiyo. Likoni inategemea feri. Nairobi na kwingine kwa basi, paseli. Unalipa kwa tili ya M-Pesa. Nje ya nchi tunatuma kwa Posta, na wanyama wa mti huenda na cheti cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea. Australia na New Zealand ni wakali sana kwa vitu vya mti, kwa hiyo huko tunakushauri uchukue wa leso. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 tunafunga kwa vikapu vya ukili, navyo wateja hawavirudishi, na hatuwalaumu.

Akichanika au akivunjika?

Mrudishe, wakati wowote. Mwaka jana aliingia msichana amevaa sare ya uuguzi, akatoa kwenye mkoba kiboko aliyefifia mpaka leso haijulikani ilikuwa ya rangi gani, kitanzi cha kidevuni kimekatika. Alinunuliwa kiboko huyo Bamburi akiwa na miaka mitatu. Kobe wake alipotea katika kuhama nyumba. Mama alimgeuza kiboko, akatazama mshono wa tumboni, akasema, "Huu uzi wa sare ya shule." Alimshonea kitanzi, akamkatia kobe mpya, na yule binti akangoja hapo barazani mpaka gamba likatiwa kifungo.

Marekebisho ni bure. Njoo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ijumaa tunafunga saa sita mchana, tunafungua tena saa nane.